Mlima Uliopisha Omena

Jumapili tukitoka kanisani, mimi na Joash huenda kwa Zilpah, hapa Oyugis, kuendesha treni yetu ndogo. Meza yake ya sebuleni tumeijengea reli ya kutoka Homa Bay hadi Oyugis, njia ambayo treni ya kweli haijawahi kupita. Mimi ndiye niliyeunda mlima Asego kwa magazeti na uji wa ngano, nikautoboa handaki safi kabisa.

Jana treni ilifika mlangoni mwa handaki ikakwama. Kuinama, nikaona Zilpah amerundika vigunia vya omena, dagaa wa ziwani, juu ya mabehewa na kuvifunga kamba.

"Zilpah, treni haipakiwi kama lori la sokoni."

"Wewe umeona ikipakiwa wapi?"

Nikamtazama Joash anisaidie. Joash akaangalia dari. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda treni, sembuse kuiona ikipakiwa.

"Basi punguza gunia moja," nikasema.

"Omena ya watu haishushwi njiani. Kata mlima."

Nilinuna, nikanywa chai. Lakini Joash alishaanza kucheka, na kicheko chake humshinda hata aliyeudhika. Nikachukua kisu cha mkate, nikaupasua mlima wangu katikati.

Treni ikapita vizuri. Ilipozunguka, nikaisimamisha, nikatoa abiria mmoja wa udongo stesheni na kumkalisha juu ya magunia.

"Huyo naye ni nani?" Zilpah akauliza.

"Mwenye mzigo," nikamjibu. "Ulidhani ataiacha omena yake isafiri peke yake?"