Kitambaa Kikavu

Kitambaa kilikuwa kikavu. Eliona alikigusa mara mbili. Kila asubuhi mama yake, Magreth, alikilowesha kabla hata ya kuwasha moto, akakifunga juu ya chungu kidogo ili dawa yake ya kisukari isipate joto. Eliona akafunua chungu. Kitupu.

Kichupa cha dawa alikikuta kwenye kikapu cha kanisani, chini ya Biblia, pamoja na sindano zote.

"Mama, hujajidunga leo?"

"Wala jana. Nimepona." Magreth alimenya ndizi, kisha akanyanyua jagi la maji, la pili tangu kupambazuke. "Jumapili tunachoma kila tulichokitegemea badala ya Mungu. Na usinikodolee macho. Aliyetufundisha si huyo mzungu wako unayempikia?"

Ni kweli. Miaka kumi na sita iliyopita mzungu huyo, Henrik, alikuja kijijini kwao Kirua Vunjo akiwa mmisionari. Aliwasha moto uwanjani kwa kanisa, akawaambia watu wang'oe majani ya isale, mmea wa mila, kwenye makaburi ya wazee wao, wayatupe humo. Mwaka huu alirudi na mvi na daftari, profesa anayechunguza makanisa ya wokovu. Siku hizi hakuhubiri. Juzi, Eliona akipanga vikombe, alimsikia akimwambia mchungaji, "Huo moto wenu mimi siuingilii. Naandika tu."

Eliona aliacha shule darasa la tano ili amuuguze mama. Mbele ya wageni sauti yake ilipotea. Hata shikamoo aliombwa airudie. Kwa hiyo hakwenda kwa Henrik na maneno. Alipita mpakani mwa shamba, mahali isale ilipochipua upya, akavunja jani moja. Huku mlimani, anayekuletea jani hilo humfukuzi. Unaacha ulilonalo, unamsikiliza.

Aliliweka juu ya daftari lililofunguliwa, kando ya chai.

"Leo chai imekuja na mboga?" Henrik alicheka. Kisha akalitazama vizuri, na kicheko kikamkauka. Maana yake aliijua. Ndiyo sababu zamani aliyachoma.

Akafunga kalamu.

Kutoka uwanjani kwa kanisa ilisikika sauti ya shoka. Wanaume walikuwa wanapasua kuni za Jumapili, bila haraka, na rundo lilikuwa limeshafika madirishani.

"Haya, Eliona. Nakusikiliza."

Eliona alishika ukingo wa meza.

"Siku ulipochoma isale ya kaburi la bibi nilikuwa na miaka sita," alisema. "Nililia. Ukaniambia hakuna anayekufa kwa kuchoma majani. Jumapili mama anachoma dawa. Twende ukamwambie, wewe mwenyewe, kwamba akiichoma hii atakufa."