Mahindi Yaliyokwenda Chalinze kwa Miguu

Baada ya sala ya alfajiri, Tabia alikuwa uani kwake Miono akishona mdomo wa gunia la kumi na mbili. Mvua ilikuwa imekata barabara kwa siku ya tisa sasa, na lori la Husseni halikuonekana. Hilo halikumsikitisha, maana lori hilo likija huondoka na thamani ya magunia matatu kwa nauli peke yake, na magunia matatu ndiyo mabati ya chumba cha mama yake, Bi Ashatu, ambaye mvua ikinyesha hulala amekaa. Kilichomtia hofu ni dumuzi, waliokwisha kuanza kula.

Alipokata uzi, gunia likasimama, likajikung'uta makapi, likatoka nje. Mengine yakalifuata. Yalitembelea pembe zake mbili za chini, kama bibi harusi aliyebanwa na gauni.

"Tabia, mahindi yako yanatoka," alisema jirani yake Kuruthumu, ambaye alikuwa akifagia.

"Nayaona, shoga. Niazime kandambili, zangu zimekatika."

Kuruthumu akafuatana naye, kulinda kandambili zake. Safari ilikuwa tamu. Penye matope magunia yalinyanyua pindo. Penye msikiti moja lilichoka likapumzika, mengine yakalisubiri. Kuruthumu alianzisha nyimbo za harusi, na Tabia akacheka njia nzima. Miaka yote alikuwa akiuza mahindi kwa uchungu. Safari hii alikuwa na furaha, wala hakuificha.

Waliwasili Chalinze kesho yake adhuhuri. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: mnunuzi, Msabaha, aliyasifu magunia kwa adabu yao. Kisha akakata nauli ya lori.

"Kaka Msabaha, haya yamekuja kwa miguu."

"Nimeyaona, dada'angu. Lakini mzigo wa Miono hukatwa lori. Ndivyo tulivyoikuta biashara."

Akakata na kidogo kwa ajili ya jasho, kwani mahindi yenye maji hayana bei. Husseni, aliyekuwa pale pale, akapokea nauli yake na kushukuru. Mabati yakawa basi tena.

"Lori lenyewe liko wapi?" Tabia aliuliza.

"Hili hapa nyuma. Limetoka kuoshwa," alisema Husseni.

Tabia alilizunguka mara mbili. Lilikuwa tupu, safi, na lake kwa nauli aliyokwisha kulipa.

"Basi msimu ujao ulilete," akasema.

Msimu uliofuata magunia ya kijiji kizima yalitembea, na nyuma yake lilikwenda lori la Husseni, limejaa wanawake wa Miono, vigelegele na sufuria mbili za pilau. Msabaha alikuwa ametuma salamu mapema kwamba nauli itakatwa kama kawaida, na ya jasho imepanda. Lori lilipokwama, magunia yaligeuka yakalisukuma.

Bi Ashatu alikaa mbele, karibu na dereva. Mvua ilipoanza, alinyoosha mkono akapapasa bati la juu, kisha akautazama mkono.

"Husseni mwanangu, tutafika lini?"

"Kwa mwendo huu wa magunia, mama, ni kesho."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Ashatu. Akavua viatu, akajinyoosha kitini, akalala.