Mlango Juu ya Meza ya Kamati

Wengine wakisimulia kisa hiki huanza na kilichowachekesha. Mimi nitaanza na kilichoniudhi. Ni kweli nilipandisha mlango mzima ngazi za ghorofa nne, mimi na seremala, kwa sababu haukuingia kwenye lifti. Ni kweli niliulaza juu ya meza ya kamati ya mikopo, katikati ya chupa zao za maji. Ila hakuna anayeuliza kwa nini mtu mzima, mwenye akili zake na viatu vya visigino, afike mahali pa kubeba mlango. Basi nisikilizeni.

Kazi ya mikopo ya nyumba nilifundishwa na mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, tuliyemwita Mama Bawaba. Wanafunzi wake tulikuwa wawili: mimi, na kijana mmoja aliyependa tai nyekundu mpaka jina la Tai likamganda. Mama Bawaba hakusaini faili la mtu yeyote kabla ya kwenda mwenyewe kwenye nyumba inayonunuliwa, na akifika hakutazama vigae wala jiko. Alifungua na kufunga kila mlango, polepole, mara mbili, ameinamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua.

"Muuzaji atakudanganya," alituambia. "Mthamini atakudanganya, na rangi ndiyo mwongo kuliko wote. Msingi ukizama upande mmoja, fremu inapinda na mlango unagoma. Mlango haujui kula rushwa."

Tukitoka hapo tulimwigiza mpaka mbavu zikauma. Tai alikuwa hodari zaidi. Alikuwa akiufunga mlango wa choo cha ofisi, anaweka sikio, anauliza, "Mzee, kifua kinabana tangu lini?"

Mwaka wangu wa tatu mama akaenda likizo, nikaachiwa meza yake. Robo ya mwaka ilikuwa inaisha na makao makuu walitaka kuona mafaili, si hadithi. Kinyozi mmoja, ambaye nusu ya wanaume wa mtaa wetu walipita mikononi mwake, alikuwa anainunulia familia yake nyumba ya kwanza. Nikaenda kuikagua. Nikapima vyumba, nikapiga picha, nikafungua mabomba. Nyumba haikuwa na mlango hata mmoja.

"Iko kwa seremala, inapakwa rangi," muuzaji akaniambia kwa tabasamu. "Nataka kinyozi aingie kwenye nyumba inayong'aa."

Na mimi, mwanafunzi wa Mama Bawaba, nikaandika kwenye fomu: milango iko kwenye matengenezo. Nikasaini. Siku hiyo nilisaini mafaili tisa na nikajiona mjanja kwelikweli.

Mvua za kwanza tu, milango ya kinyozi ikaanza kugoma. Mvua za pili, ukuta wa nyuma ukapasuka ufa wa kupitisha mkono. Kumbe nyumba ilikaa juu ya shimo la taka la zamani lililofukiwa. Wakaguzi wa majengo wakaja wakachora alama nyekundu, familia ikatoka na magodoro kichwani. Muuzaji alikuwa ameshapotea zamani. Mkopo ukabaki palepale, maana mkopo hauanguki pamoja na ukuta.

Mama Bawaba alipopata habari hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alinishika mkono kama mtoto mtoro, akanipeleka mpaka kwenye kibanda cha kinyozi, akaniacha mlangoni. Kinyozi alikuwa ananyoa mteja. Akamaliza upande mmoja, kisha akaniuliza bila kugeuka:

"Dada, ulipoingia pale hukuona kwamba nyumba haina milango?"

"Niliona."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Akarudi kwenye kichwa cha mteja wake. Hakunitukana, hakuinua sauti. Swali lake lilinikata maini, na mpaka leo sijapona.

Benki ikanihamishia masjala, chumba cha chini ya ngazi ambako mafaili hupelekwa kuzeeka. Siku ya kwanza nililia. Mama Bawaba akanikuta nimejibanza kati ya makabati.

"Unadhani mimi nilizaliwa nafungua milango?" akasema. "Nilimsainia mjane mmoja nyumba mbovu. Mjane huyo ni dada yangu, tumbo moja. Mpaka leo nikienda kwake hanikaribishi hata maji. Futa makamasi ufanye kazi."

Akanitupia leso yake, akaondoka. Nikakaa masjala miaka miwili. Niliporudi mezani sikusaini tena nyumba nisiyoifungua na kuifunga, na kwa miaka kumi nimefungua milango ya mji mzima hadi wateja wakaniita Bawaba Mdogo. Mama akastaafu. Tai naye akapanda, maana ngazi yake haikuwahi kupitia masjala, akawa meneja wa mikopo. Bosi wangu.

Sasa njooni kwenye mwaka huu. Kuna mkandarasi amejenga nyumba arobaini pembeni mwa mji, zote za kufanana. Benki yetu ndiyo iliyompa fedha za kuzijenga, kwa hiyo zisiponunuliwa hazami peke yake. Mafaili arobaini ya wanunuzi yakaletwa mezani kwangu yakingoja saini ya ukaguzi. Bila saini hiyo hakuna mkopo. Mwenye faili la kwanza alikuja mwenyewe, nesi kijana, bado amevaa sare za kazini.

"Shikamoo, shangazi. Baba amesema nije kwako, nisikubali kupelekwa kwa mwingine."

"Marahaba. Baba yako ni nani?"

"Yule kinyozi."

Nikamuuliza kama baba yake alimwambia sababu.

"Amesema wewe ulishakosea kwake. Amesema mtu aliyekosea vile hawezi kukosea tena kwangu." Akaniangalia kwa macho makavu kama ya baba yake. "Tumekaa kwenye vyumba viwili vya kupanga tangu ile nyumba, shangazi. Baba, mama, mimi na wadogo zangu. Nimeshawapeleka kuona madirisha."

Nikaenda. Nilitaka nyumba zile ziwe nzuri, Mungu anajua. Milango yote ilikuwepo, na ilifunga laini, bila kelele. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, roho yangu ikaanza kutulia. Kwenye ya nne nikavuta ndoo, nikapanda, nikapitisha kidole juu ya ukingo wa mlango. Ulikuwa umekatwa mshazari. Fremu imepinda, na mlango umechongwa kwa randa uifuate. Nyuma ya nyumba nikakuta maranda yamerundikwa chini ya turubai. Niliingia nyumba tisa, na saba zilikuwa hivyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa walikuwa wameziba ufa, wakapaka rangi, wakapiga na randa juu.

Nikaenda kwa Tai.

"Milango inafunga?" akaniuliza.

"Inafunga."

"Basi andika kwamba inafunga."

"Imepigwa randa."

Mtu mwingine ningemweleza maana yake, lakini huyu tulikaa naye darasa moja. Aliielewa kabla sijamaliza sentensi, na nilipoona kwamba ameielewa nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuijua.

"Kamati inakaa Alhamisi," akasema huku akipanga kalamu zake. "Ukija na saini, ukuu wa kitengo ni wako. Ukija bila saini, masjala haina mtu."

"Njia ya masjala naijua. Sihitaji kuelekezwa."

Nikampigia simu Mama Bawaba. Nikamsomea ripoti yangu, kurasa kumi na moja.

"Wataisoma?" akauliza.

"Hawasomagi kitu hao."

"Basi wape kitu wasichoweza kukiruka mpaka ukurasa wa mwisho." Akakata simu. Mama huyo hajui kuaga.

Funguo za nyumba zile zilikuwa kwetu, kwa sababu nyumba zenyewe ni dhamana ya benki. Jumatano nikaenda na seremala, tukafungua skrubu za bawaba mbele ya mlinzi, na nikamwachia barua: mlango mmoja uko benki, nitaurudisha, saini yangu hii hapa. Mlinzi akaisoma mara mbili, akauliza kama kichwa kiko sawa. Nikamwambia kichwa kiko sawa, nyumba ndiyo haiko sawa.

Alhamisi, basi, mlango ukawa juu ya meza. Mwenyekiti wa kamati, mzee mkimya anayesinzia kila kikao, siku hiyo hakusinzia.

"Hii ni nini, mama?"

"Ripoti yangu ya ukaguzi, mwenyekiti. Safari hii nimeileta nzima."

Nikamkabidhi guniya ya seremala, kile chuma cha kupimia pembe, nikamwomba aiweke kwenye kona ya juu. Akaiweka. Kati ya chuma na mbao pakabaki nafasi ya vidole viwili. Akahamia kona nyingine, akapima tena, akavaa miwani.

"Mlango hutoka kiwandani na pembe zilizonyooka," nikasema. "Huu umepunguzwa ili uende sawa na fremu iliyopinda. Fremu imepinda kwa sababu msingi unazama. Nyumba haina hata mwaka mmoja, na mvua kubwa haijainyeshea. Siisaini. Hata mkinifukuza kazi, siisaini."

"Huu ni mchezo wa kuigiza," Tai akasema. "Ondoa hicho kitu mezani."

"Njoo wewe uusikilize, meneja. Ulikuwa hodari kuliko mimi. Muulize mzee, kifua kinabana tangu lini?"

Hakuja. Alibaki anautazama mlango kutoka alikokaa, na mkono ukaenda kwenye tai yake, akailegeza. Nilimwonea huruma kidogo, kisha nikakumbuka vyumba viwili vya kinyozi, huruma ikaisha.

Mwenyekiti akaamua mafaili yote arobaini yasimame mpaka wahandisi wachimbe waone msingi. Jumatatu nikapata barua ya kuhamishiwa masjala, kosa: kuondoa mali ya mteja bila idhini ya maandishi. Tai alikuwa ameisaini mwenyewe. Hiyo haikuhitaji ukaguzi.

Wa kwanza kunifuata kule chini ya ngazi alikuwa nesi. Alikuwa amefura kwa hasira.

"Umeninyima nyumba," akasema.

"Nimekunyima. Na ukiileta tena ileile nitakunyima tena."

"Mama yangu alikuwa ameshachagua mapazia."

Hilo liliniingia. Akatoka akaubamiza mlango wa masjala, ambao haukufunga, ukabaki unakwaruza sakafu. Nikaomba bisibisi kwa fundi umeme, nikauchunguza. Skrubu mbili za bawaba ya juu zilikuwa zimelegea. Nikazikaza.

Wiki tatu zikapita. Wahandisi walikuwa bado wanachimba na kuandika. Asubuhi moja nikainua kichwa nikamwona kinyozi amesimama mlangoni, ndevu zimeshaingia mvi. Hakunisalimia kwanza. Aliufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena.

"Umeupiga randa?"

"Nimekaza bawaba."

Akaitikia kwa kichwa. Akaniambia kuna nyumba ndogo mtaa wa tatu kutoka kibandani kwake, ya zamani, mwenyewe anaiuza, na binti yake ameipenda.

"Kaka, mimi sina saini tena," nikamwambia. "Wamenivua. Mwende kwa afisa mwingine kule juu."

"Nani amekuomba saini? Huko juu tutaenda baadaye. Nyumba ina milango minne, na binti yangu amesimama nje yake tangu saa mbili. Amesema haingii mpaka wewe uingie kwanza."

Ilikuwa saa nne asubuhi, saa za kazi, na kanuni za masjala zinakataza kuondoka bila ruhusa. Nikachukua mkoba, nikaufunga ule mlango nyuma yetu, nikageuza ufunguo. Kama Tai anataka kuniandikia barua nyingine, kalamu anazo.