Swali la Tisa

Kipimo kilikuwa na ugonjwa, na mtakwimu alishajua unapouma. Lilikuwa dodoso la kupima mzigo wa watu wanaouguza jamaa zao nyumbani: unachoka, unakosa usingizi, unakosa wa kukupokea? Jibu ni kamwe, mara chache, mara nyingi au kila siku. Wakati wa majaribio, aliyejibu "kila siku" kwa swali lolote aliletewa msaidizi wa asubuhi, wa kumwogesha na kumgeuza mgonjwa. Dada mkubwa wa mtakwimu alikuwa mmoja wao. Ndiye anayemuuguza mama yao, aliyepooza tangu apigwe na kiharusi.

Maswali yote yalikubaliana isipokuwa la tisa: "Kuna siku unatamani mgonjwa wako afe, mpumzike wote wawili?" Hilo lilishika njia yake. Waliosema hawachoki kamwe, ndio hao hao waliosema wanatamani kila siku. Ukilitoa, alfa, ile namba inayoonyesha kama maswali yanapima kitu kimoja, inapanda, na modeli inakaa sawasawa kama kifuniko kwenye sufuria yake.

"Litoe," bosi alisema. "Linatuharibia."

"Mzee, hilo ndilo swali pekee watu walilojibu ukweli."

"Umejuaje?"

Alijua kwa sababu alikuwepo. Karani alimhoji dada jikoni, na mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi, kama unavyokuwa wazi kutwa ili mama akiita asikike. Unachoka? "Nani, mimi? Kamwe!" dada alijibu kwa sauti ya kumwita jirani. Unakosa usingizi? "Wee, nalala fofofo!" Uongo mtupu, na macho mekundu vile! Lakini ungetaka aseme nini, mama yake anamsikia? Walipofika la tisa, dada aliinuka, akaurudishia mlango taratibu, akaja kukaa tena. "Kila siku," alisema kwa sauti ndogo. Halafu akamwomba karani msamaha, maskini, utadhani karani ndiye aliyekosewa.

"Jikoni kwa dada yako si takwimu," bosi alisema, wala hakusema kwa ubaya.

"Basi tuwaulize upya, faragha, milango imefungwa."

"Kwa muda upi, binti yangu? Idara inayowalipa wasaidizi inataka kipimo kesho. Kisipokuwa cha kuaminika wanafuta mpango wote, asipate msaidizi hata mmoja. Ndicho unachotaka?"

Hapo alibanwa, jamani. Akibisha, wanakosa wote. Akikubali, anakosa dada na wenzake, wale wanaojikaza mbele ya mgonjwa mpaka wanaanguka. Na kilichomtia hasira zaidi ni kwamba hesabu haikuwa na kosa. Watu wakidanganya wote kwa namna moja, hesabu inawapokea kwa mikono miwili na kukitangaza kipimo kuwa thabiti. Alirudia kila hatua akitafuta pa kung'ang'ania, akakosa. Alasiri akalifuta swali la tisa. Bosi akampigapiga begani, "Kazi safi," naye akaitikia asante, kwa kuwa ndivyo mtu anavyoitikia akisifiwa.

Wiki iliyofuata dada alipiga simu.

"Mdogo wangu, yule msaidizi ameniaga. Eti majibu yangu yanaonyesha sina mzigo."

"Nimesikia, dada."

"Umesikia? Umesikia wapi?"

"Ni sisi tuliotengeneza kipimo. Kuna swali tumeliondoa."

Dada hakuuliza lipi. Mama aliita kutoka chumbani, na dada akasema subiri, akaiweka simu mezani. Mtakwimu alisikia kitanda kikilia, dada akihema, akisukuma, akishindwa, akijaribu tena. "Nisaidie kidogo mama, shika hapa." Kisha pumzi nzito ikarudi kwenye simu.

"Upo?"

"Nipo."

"Mimi sikusoma kama wewe, kwa hiyo usinikasirikie nikiuliza." Sasa dada alikuwa ananong'ona. "Wakirudi kuuliza tena, ukweli niuseme kwenye swali gani?"