Majani ya Afungi

Cassimo alipika, Amade akapakua, na sifa zote zikaenda kwa mpakuaji. Hivyo ndivyo Cassimo alivyoyaona mambo mwaka ule wa tano wa vita vya kumwondoa Mreno, na usingeweza kumwambia vingine.

Kamera ilikuwa yake. Aliinunua kwa askari wa Kireno aliyekuwa akirudi kwao, na tangu hapo kila Jumapili, duka la mbata alikokuwa karani likifungwa, hakuwa na starehe nyingine. Watu hakuwapiga picha. Alipenda mahali: mchanga ulioachwa na mistari maji yakipwa, minazi iliyoinama, ukungu wa asubuhi. Picha alizisafisha mwenyewe stoo, dirisha kaliziba kwa gunia. Lakini zilitoka nyeusi na nyeupe, na watu wa Palma walitaka rangi. Hapo ndipo alipoingia Amade, rafiki yake wa tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani, fundi wa kuandika majina ya mashua. Amade alikuwa na vichupa vya rangi za maji na pamba aliyoiviringisha kwenye kijiti. Akigusa huku, akigusa kule, watu wanaguna kwa raha: "Aa, Amade! Mkono huo una baraka!"

Cassimo husimama kando anatabasamu, roho inamuuma. Tena afadhali angekiona walichokiona wenzake. Tangu utotoni nyekundu na kijani kwake ni ndugu wa tumbo moja. Nyanya mbivu na mbichi alizitambua kwa kuzibonyeza. Siri hiyo aliijua Amade peke yake, na Amade hakuwahi kumtania nayo hata siku moja. Wema huo ulimchoma Cassimo kuliko tusi.

Kisha kulikuwa na Atija. Aliishi na mama yake, Bi Ancha, katika aldeamento, kijiji kilichozungushiwa waya ambamo serikali iliwakusanya watu wa rasi ya Afungi ili wasiwape wapiganaji chakula. Baba yake, mzee Mamudo, alikataa kuiacha minazi yake. Alijificha huko huko rasini, na tangu masika hapakuwa na habari zake. Cassimo alitaka kumposa Atija. Lakini kila alipompelekea picha, msichana alisema, "Mwambie kaka Amade, mkono wake haujambo." Siku moja Cassimo alimkuta Amade amekaa barazani kwa Bi Ancha, anamenya muhogo kama mwenye nyumba. Siku hiyo chakula kilimshinda.

Basi tajiri wake akamkatia guia, ile karatasi ya kupitia kwa askari, aende Afungi akaitazame minazi. Cassimo alikwenda kwa baiskeli, kamera shingoni. Nyumba ya mzee Mamudo aliikuta imesimama, mlango umeegeshwa. Mgombani mkungu ulikuwa umekatwa, utomvu ungali unatona. Mtu yupo. Hakuita, maana askari wana masikio. Alipiga picha tu: nyumba, makuti yaliyoining'inilia, majani ya kufika magotini, na ukungu umelala juu ya vyote. Hakuwahi kupiga picha nzuri kama ile.

Angeweza jioni ile ile kumnong'oneza Bi Ancha kwamba nyumba ipo na mtu yupo. Hakufanya hivyo. Alitaka habari ifike ndani ya picha, picha iwe na rangi, na rangi ziwe zake mwenyewe. Akaenda kuazima vichupa.

"Nikuonyeshe ipi ni ipi?" Amade aliuliza kwa upole.

"Mimi si mtoto."

Akajifungia stoo. Alichagua kichupa alichoamini ni cha kijani, akayapaka majani bila uchoyo, akapanda nayo hadi kwenye makuti. Aliitazama kazi yake akaridhika. Amade ana nini cha kumzidi?

Ilipokauka, alivaa kanzu ya Idi, akaenda. Bi Ancha aliipokea picha kwa mikono miwili. Aliitazama, akapiga ukelele. Atija alichungulia begani kwa mama yake, akajishika kichwa. Majirani wakaja mbio.

"Wamechoma! Wamechoma Afungi! Tazameni moshi!"

Moshi ulikuwa ule ukungu. Na Cassimo alipowasikia wakilia moto, moto, umeshika majani, unaparamia makuti, ndipo alipojua alichopaka.

"Nileteeni kaniki," Bi Ancha alisema, akivua bangili zake. "Nikae eda. Mume wangu kaungua."

Atija alimgeukia. "Kaka Cassimo, wewe ulikuwako. Uliuona moto?"

Palma nzima ingeizungumzia picha hii, na kwa mara ya kwanza hapana aliyemtaja Amade. Wazo hilo lilimpitia, na niseme kweli, lilikuwa tamu. Kisha akaziona bangili mkekani.

"Sikuuona. Hakuna moto, ni majani mabichi. Nilipita humo, miguu ikalowa umande. Nimekosea rangi."

"Anakufariji tu," alisema jirani yao Awa. "Nani akosee majani?"

"Usinifiche, mwanangu," Bi Ancha alisema. "Nina macho."

"Mimi sina," alisema Cassimo. "Mwiteni Amade."

Amade alikuja na rangi mikononi. Aliitazama picha, akamtazama rafiki yake, akangoja.

"Sema," alisema Cassimo.

Amade alisema. Hata hivyo hawakuamini, mpaka Atija alipotupa kanga mbili mkekani akamwambia achukue ya kijani. Cassimo alichukua moja. Kicheko kilicholipuka kilitosha kuwa jibu. Ndipo akawaeleza kwa sauti ya chini habari za mlango na mkungu wa ndizi.

"Umelijua hili tangu lini?" Bi Ancha aliuliza.

"Tangu Jumapili."

Mama yule alimkazia macho, kisha furaha ikamshinda hasira, akalia. "Amade, mwanangu," alisema, "ioshe, uipake ilivyo."

Amade alichuchumaa na bakuli la maji, wote wakamzunguka. Atija peke yake alikuja kuketi kizingitini, karibu na Cassimo.

"Kaka Cassimo," alisema polepole, "wewe hasa, majani yale unayaonaje?"

Maishani mwake hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Lakini macho ya Cassimo yalikuwa kwenye mkono wa Amade unaopita juu ya ukungu wake, na kijicho kilikuwa kimemjaa.

"Muulize Amade," alisema.

Atija akainuka, akajifunga kanga vizuri, akaenda kumwuliza.