Kosa la Kuziba Pengo

Katika nchi ya Ahadini hakuna mtu aliyepata kunyimwa kitu. Kila aombaye hupewa, na apewacho ni ahadi, iliyofungwa kwa utepe, ikapigwa muhuri, ikasomwa na mnadi mwenye sauti ya kupendeza mbele ya halaiki, na aliyepewa hurudi kwake mikono mitupu lakini kifua mbele. Mtawala wao, Sultani Keshokutwa, alirithi kiti kwa baba yake, Sultani Kesho, na yasemekana nasaba hiyo ilianza na mtu mmoja aliyeitwa Leo, ambaye wanahistoria wa huko wamekubaliana kwamba hakuwako. Mimi nilikaa nchini humo muda wa kutosha kuishiwa na upole wangu wa kusimulia, kwa hiyo anayetaka hadithi ya kubembelezwa na amtafute mwingine.

Lugha ya Ahadini ina utajiri mkubwa wa maneno, ila kwa jambo moja iliishiwa. Anachotozwa tajiri na dola huitwa kodi, na anachotozwa maskini na mwenye nyumba huitwa kodi vilevile. Wajuzi wa huko hawakuona haja ya kuzitenganisha, maana ile ya kwanza ilikuwa hailipwi na ile ya pili ilikuwa haisameheki, basi ni nani angezichanganya? Zilichanganywa siku moja tu, siku ambayo mnadi alipanda jukwaani katika mji mkuu, Subirini, akasoma fermani: “Yeyote atakayemjengea maskini ukuta, atasamehewa kodi.” Wapangaji waliposikia hayo walipiga vigelegele, wakakumbatiana na majirani waliokuwa wamenuniana nao, na mzee mmoja akavua kofia yake akairusha juu ya paa la msikiti. Askari walihangaika hadi adhuhuri kuwaeleza kwamba kodi iliyosemwa haikuwa ile yao.

Fermani hiyo ilikuwa kazi ya Waziri Makadirio, msomi mwenye vidole vyembamba na sauti ya taratibu, ambaye hakuwa mtu mwovu. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu angekuwa mwovu tungalijua pa kumshika. Mpango wake ulikuwa hivi: matajiri wanaodaiwa kodi na dola wajenge vyumba vya kuwapangisha maskini kwa kodi nafuu, na kila ukuta watakaousimamisha uwafutie sehemu ya deni lao. Lakini kodi nafuu haimrudishii tajiri gharama yake yote, na tajiri ni kiumbe anayeumia upesi, kwa hiyo aliruhusiwa kujenga kuta tatu na paa, basi. Mahali pa ukuta wa nne paliachwa wazi, pakaitwa Pengo, na ikaundwa ofisi iliyoitwa Diwani ya Pengo, yenye makarani, mapazia na saa ya ukutani, ili ipajaze kwa fedha za Hazina. Na Hazina ilipata wapi fedha? Ilizipata katika kodi za matajiri, yaani wale wale waliokwisha kusamehewa.

Hapo ndipo akili yangu ilipokataa kwenda mbele, lakini Ahadini walipita hapo wakiimba. Vyumba vya kuta tatu vilizagaa pembezoni mwa mji, na mtaa wao mkubwa ukaitwa Karibuni. Maskini walipolisoma jina hilo kwenye kibao walidhani wanakaribishwa. Diwani ilikuwa inawaambia kwamba mambo yatakuwa tayari hivi karibuni.

Mwenye mtaa huo alikuwa Bwana Msamehewa, tajiri wa ngozi na chumvi, mnene, mcheshi, mpenda watoto. Sheria ilisema kwamba chumba chenye Pengo bado si nyumba, hivyo hakitozwi kodi, na waliotumaini kukipata waliruhusiwa kulala humo kwa jina la watarajiwa. Siku Pengo litakapojazwa, chumba kitaitwa nyumba kamili, na kodi yake itapimwa kwa uwezo wa Mtu wa Wastani. Huyu Mtu wa Wastani makarani walimpata kwa kuchukua mapato ya Msamehewa na mapato ya mfua nguo, wakayachanganya, wakayagawa katikati, akatoka bwana mmoja wa heshima mwenye uwezo wa kutosha, ambaye hajazaliwa.

Mfua nguo mmoja aliyekuwamo katika hesabu hiyo aliitwa Siwatu. Wazazi wake walimpa jina hilo kwa kuwasema majirani zao waliokuwa wakiwafanyia visa, kwamba wale si watu. Nchi ilidhani anayesemwa ni yeye. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye mikono iliyobabuka kwa sabuni, na duniani alikuwa na mtu mmoja tu, mama yake, Bi. Sihaba, bibi mwembamba mwenye ulimi mkali na pumu iliyokuwa ikimkaba kila ikija baridi. Kabla ya Karibuni walikuwa wakilala sokoni chini ya meza za samaki. Walipopewa chumba cha kuta tatu Bi. Sihaba alitazama kule wazi, akasema, “Tumepewa jukwaa, mwanangu. Sasa sijui tuwachezee nini.”

Kipupwe kilipoingia, upepo ulikuja moja kwa moja hadi kwenye mkeka. Bi. Sihaba alikuwa akikaa kitako usiku kucha, mabega yakipanda na kushuka, akiivuta pumzi kwa kelele, na Siwatu akimshika mgongo asijue la kufanya. Alikwenda Diwani ya Pengo. Karani alimpokea kwa heshima, akampa kiti, akamweleza kwamba Pengo lake limekwisha kutambuliwa, limethaminiwa, na liko katika hatua nzuri. Siwatu aliuliza hatua nzuri ni ipi. Karani alisema ni ile inayofuata hii.

Hapo Siwatu alichoka. Alikwenda bondeni akakata fito, akachimba udongo mwekundu, akaukanda kwa miguu huku mama yake ameketi pembeni akimsimanga kwa kila tope lililokuwa jepesi mno. Akasimamisha nguzo, akafunga fito, akakandika ndani na nje, akaacha mahali pa mlango na dirisha dogo. Ukuta ulipokauka Bi. Sihaba alilala chali mpaka jua likatoka. Siwatu aliamka akamsikia mama yake anakoroma, na naapa hapakuwa na kaswida wala ngoma katika nchi ile iliyopata kumfurahisha mtu kiasi hicho.

Furaha yao ilikomea Sikukuu ya Pengo. Kila mwaka siku hiyo wakubwa wa dola huja Karibuni kwa matarumbeta kuyatazama mapengo, kuyasikitikia, na kuyatolea hotuba. Msafara ulipita chumba kwa chumba, kila mahali watarajiwa wakionekana ndani wamepanga mstari, hadi ulipofika kwa Siwatu ukakuta mlango umefungwa. Waziri Makadirio aliubisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake katika mtaa ule. Bi. Sihaba akaitika kutoka ndani, “Nani?” Waziri hakuwa amewahi kuulizwa hivyo. Jioni ile Siwatu alikamatwa kwa kosa la kuziba Pengo la Dola pasipo idhini.

Mahakama ya Subirini ni jengo zuri kupita yote nchini, nalo lina kuta nne. Kadhi aliitwa Kifungu, mtu wa haki ndogondogo, asiyeweza kula ndizi kabla ya kuthibitisha kwamba maganda yake ni yake. Ukumbi ulijaa watarajiwa, maana kila mmoja alijua kwamba hukumu ya Siwatu ndiyo itakayosema kama naye anaweza kujiokoa na kipupwe au hawezi. Bi. Sihaba aliketi mbele, kanga mbili mabegani.

“Bi. Siwatu,” alisema Kadhi, “wakiri kwamba uliziba Pengo la Dola?”

“Nilikandika ukuta, Mheshimiwa.”

“Hukuulizwa ukuta. Umeulizwa Pengo.”

“Vilikuwa mahali pamoja, Mheshimiwa. Nisingeweza kukiweka kimoja nikakibakisha kingine.”

Waziri Makadirio alisimama, akaomba ruhusa, akazungumza bila hasira. “Mama huyu anatazamwa kwa huruma, nami nina huruma pia. Lakini na tuulizane. Kabla ya mpango huu maskini wa Subirini walikuwa na kuta ngapi? Hawakuwa na hata mmoja. Bi. Siwatu, ulikuwa ukilala wapi?”

“Sokoni, Mheshimiwa Waziri. Chini ya meza za samaki.”

“Na sasa ulipewa kuta tatu na paa, bure.”

“Nilipewa, na nashukuru kwa kuta tatu. Ila upepo hauhitaji zaidi ya upande mmoja.”

Waziri alitikisa kichwa kama mwalimu. “Kila mtarajiwa akiziba Pengo lake, Diwani itajaza nini? Na Diwani ikikosa la kujaza, Hazina itaitengea fungu gani? Na fungu likikosekana, hao ambao bado hawajapata hata ukuta mmoja watatazamia nini? Ukuta huu mmoja umewafungia wengi mlango.” Watu waliguna, na wengine wakaanza kumtazama Siwatu kwa jicho la shaka. Nami niliyekuwa nimesimama nyuma, nakiri, kwa dakika chache nilimwelewa Waziri, na hilo linanitia aibu hadi leo.

Bwana Msamehewa aliitwa kushuhudia, akatoa salamu kwa kila mtu. Kadhi alimruhusu mshtakiwa amwulize atakalo.

“Bwana Msamehewa,” alisema Siwatu, “ulipojenga kuta zile tatu, ulisamehewa kodi?”

“Nilisamehewa, dada yangu, tena kwa ukarimu, zaidi ya gharama ya kuta. Siwezi kuwasema vibaya.”

“Na ule wa nne ujengwe na nani?”

“Na Hazina.”

“Kwa fedha gani?”

“Kwa kodi zetu sisi wenye nacho,” alijibu kwa fahari.

“Ambazo umezilipa?”

“Ambazo nimesamehewa. Si nimekwisha kusema?” Alitabasamu kwa moyo mweupe, akatazama huku na huku, asione kwa nini ukumbi mzima unamkodolea macho. Nilitarajia mtu apige ngumi mezani. Karani wa mahakama alichovya kalamu, akaandika maneno yale kwa hati nzuri, akayapuliza yakauke.

Ndipo Siwatu akamgeukia Kadhi. “Mheshimiwa, mimi sina wakili, nina fermani tu. Mnadi alisema, yeyote atakayemjengea maskini ukuta atasamehewa kodi. Hakusema tajiri, alisema yeyote. Mama yangu yule pale ni maskini, na anayebisha na amkague. Nimemjengea ukuta. Sikuja hapa kuomba nisifungwe. Nimekuja kudai msamaha wangu wa kodi, ya chumba kile, ili mama yangu akae humo mpaka Mungu atakapompenda zaidi.”

Ukumbi uliinuka wote. Hata askari walitazamana. Kadhi Kifungu alifunga kesi kwa siku ile, akaenda nyumbani na mikoba ya vitabu, na watarajiwa wa Karibuni walirudi kwao wakizungumza habari za udongo, bonde lipi lina udongo mzuri na fito gani haziliwi na mchwa. Bi. Sihaba alisema amezaa wakili.

Hukumu ilisomwa Alhamisi. Kadhi alitangaza kwamba mkaguzi alipelekwa chumbani, akawasha mshumaa mbele ya ukuta ulioshtakiwa, na mwali haukutikisika, maana ungetikisika Pengo lingehesabiwa kuwa lipo bado. Ukuta ni halisi. Kuubomoa ni hasara kwa dola, na mwanamke asiadhibiwe, kwa kuwa ametenda jema kwa njia isiyo yake. Hapo vigelegele vilianza, na cha kwanza kilikuwa cha Bi. Sihaba mwenyewe. Kadhi alingoja vitulie. Akaendelea kwamba neno yeyote katika fermani lina maana ya yeyote mwenye kodi ya kusamehewa, na kodi hapo ni ile idaiwayo na dola. Kwamba Siwatu hadaiwi kodi ya namna hiyo, kwa hiyo hana kitu cha kusamehewa, na asiye na cha kusamehewa hawezi kisheria kuwa amejenga. Lakini ukuta hauwezi kukosa mjenzi. Basi uandikwe kwa jina la mwenye kiwanja, Bwana Msamehewa, naye asamehewe kodi yake kwa kadiri ya ukuta huo, pamoja na shukrani za Sultani. Na kwa kuwa chumba sasa kina kuta nne, ndicho nyumba kamili ya kwanza ya kodi nafuu katika historia ya Ahadini, na kodi hiyo ianze kutozwa tangu leo, kwa kipimo cha Mtu wa Wastani.

Siwatu aliuliza ni kiasi gani. Wakamwambia. Angefua nguo za Subirini nzima, za walio hai na sanda za waliokufa, asingeifikia.

Bwana Msamehewa alimfuata nje, amehuzunika kweli, akamwambia kwamba kama ingekuwa ni hiari yake angemwacha akae, lakini nyumba ikikaliwa kwa kodi iliyo chini ya kipimo yeye huupoteza msamaha wote wa kuta nne. Alimpa kipande cha sabuni. Nyumba ile ilichukuliwa na karani wa Diwani ya Pengo, yule aliyemwambia Siwatu habari za hatua nzuri, kijana mwenye adabu, aliyewasaidia kutoa mkeka na masufuria. Mtaani kote watarajiwa walikuwa wameketi katika vyumba vyao vya kuta tatu, na waliokuwa wamechimba udongo walikuwa wakiurudisha shimoni.

Mkokoteni wa kuwahamisha ulichelewa. Bi. Sihaba aliketi juu ya furushi upande wa nje, upepo ukimpiga, pumzi imeanza kumpanda, akawa anaupapasa ukuta kwa kiganja kutoka juu hadi chini, akitafuta ufa. Hakuupata.

“Mwanangu,” alisema alipoweza kusema.

“Naam, mama.”

“Ungeukandika vibaya kidogo tu, tungekuwa ndani.”