Ugomvi wa Ubeti wa Tatu

...nasikia pumzi zangu mwenyewe kwenye hedfoni, zinakwenda zinarudi, kana kwamba mtu mwingine amelala ndani yangu, na ng'ambo ya kioo cha studio mpiga dramu ameinama anakaza pedali yake, "Dada, dakika mbili tu," haya, nasubiri, hapa kwenye kipaza sauti nimeshika karatasi, beti mbili za mwaka jana na ubeti wa tatu wa leo asubuhi, taa ni hafifu, zulia laini, naona kama naelea... bendi yetu ya roki ilipata jina kwa machozi yangu, hilo halina ubishi, mama alipofariki niliandika, mchumba aliponiacha niliandika, watu wakaziimba nyimbo hizo huku wanalia, kisha nikaolewa na huyu fundi saa, mtu mpole, anayeniwekea maji ya kuoga kabla sijaamka, nikanenepa, nikalala usingizi, nyimbo zikakauka, miezi minane sina hata mstari, "Shemeji ametuulia bendi, kikulacho ki nguoni mwako!" akatania mpiga gitaa, tukacheka sote, lakini utani ule nilienda nao nyumbani... na leo, Mungu anisamehe, nimemchokoza mume wangu makusudi, nikaanza kumlaumu kwa mlango wa kabati, nikahamia kwenye ukimya wake, mwisho nikamwambia naishi naye kwa huruma tu, uongo mtupu, huku namkodolea macho nione uso utafanya nini, daftari liko mapajani, na yeye alikuwa anafunga shati, akakosea vifungo, akavifungua vyote, akaanza upya, akasema taratibu, "Ukishapata wimbo wako, mke wangu, uniambie kama nirudi"... alijua, tangu kabatini alijua, nami nikayaandika maneno yake kabla hajafika mlangoni, kalamu ikikimbia, na wenzangu walipoyasoma walipiga mayowe, "Sasa umerudi!"... nimerudi wapi, namwona sasa kwenye meza yake ya kazi, lenzi jichoni, vidole vile visivyotetemeka, labda leo kaangusha gurudumu dogo la saa ya mteja na yuko chini ya meza analipapasa, peke yake, na uchungu wake hana wa kumwimbia... zamani uchungu ulikuja bila kuitwa, nikauimba ili uondoke, huu nimeuita mwenyewe nikambebesha mtu asiye na kosa, "Dada, uko sawa?" "Niko sawa," "Bado skrubu moja," haya, kaza tu ndugu yangu, usiharakishe, nampenda yule mtu, nampenda na sijawahi kuliandika hilo popote, nachana karatasi chini ya ubeti wa pili, wimbo utaishia hapo, wenzangu wakasirike, nitawaambia hivyo, na simu iko kwenye mkoba pale nje, hatua sita, lakini bado siendi, maana naogopa jambo moja tu, kwamba kabla sijafungua kinywa kumwomba msamaha ataniuliza kama wimbo umetoka vizuri, na atakuwa anataka kweli kujua.